Barua za Babirye Zinakwenda Wapi

Jumatatu, 6 Machi

Chai bila sukari tena. Hajati anasema sukari ya ofisi inaliwa na panya, na panya mwenyewe anajulikana, ametoka Kenya, yaani mimi. Nikacheka. Nimeshamzoea bosi wangu. Mnubi wa Bombo, binti wa askari, utani wake ni wa kambini: unapigwa kwanza, unasalimiwa baadaye.

Nilikuwa katikati ya hesabu za mabomba Babirye alipokuja kusimama mbele ya meza yangu, mikono nyuma. Huyu ndiye mgeni wetu. Kaajiriwa mwezi uliopita kujibu wateja wa Kongo wanaonunua pampu za maji. Anasema Kiswahili chake ni cha kuokoteza sokoni, maana nyumbani kwao Kiswahili kilikuwa lugha ya wanajeshi barabarani, ukikisikia unalala chini. Lakini anakiandika vizuri kuliko anavyokisema.

"Auntie," akasema, "hii kompyuta nakula barua."

Wateja wanapiga simu wakilalamika kwamba wameandika na hawajibiwi. Yeye haoni kitu. Si kwamba hapati kabisa. Nusu zinafika, nusu hazifiki.

Ningemwambia amngoje Ssalongo, fundi wetu wa kompyuta. Lakini fundi kaenda Masaka kwa nduguye aliyepata mapacha. Kuna ngoma, kuna kuwapa watoto majina, kuna pombe ya ndizi. Ssalongo ni baba wa mapacha, ndiyo maana anaitwa hivyo, na sherehe kama hiyo hawezi kuikosa. Simu yake haipatikani.

Basi nitaangalia mimi. Mimi mtu wa kupekuapekua, siwezi kuona kitu kimefichwa nikapita.

Jumanne, 7 Machi

Nimeanza na makosa ya kawaida. Neno la siri, sawa. Sanduku la barua limejaa? Hapana, jeupe kabisa. Virusi? Nimesafisha, hakuna. Waya chini ya meza? Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nikainama, nikatoka na buibui kichwani na magoti meusi. Waya mzima.

Anuani yake yenyewe iko sawa. Nimeilinganisha na kadi zilizochapwa, herufi kwa herufi.

Nikamtumia barua ya kujaribu kutoka kwangu. "Moja." Ikafika. Nikatuma "Mbili." Ikafika. Nikatuma "Tatu." Haikufika. Nikatuma "Nne." Ikafika.

Tatu imekwenda wapi? Barua haina miguu. Haikunirudia kama zile zinazokosa mwenyewe. Imekwenda, imepokelewa, imetoweka. Nimeulizwa swali hili na kompyuta. Hiyo inaniudhi kuliko chai bila sukari.

Jumatano, 8 Machi

Siku ya Wanawake. Nchi nzima imepumzika. Duka letu la Nateete limefungwa. Hapa Kansanga Hajati kasema wanawake wote wa ofisi hii waje nusu siku, kwa sababu wanawake ndio wanaojua kazi. Ndivyo alivyotupongeza.

Sasa ajabu. Leo nimetuma barua kumi kwa Babirye. Zimefika zote! Hata wateja wawili waliopiga simu, barua zao zimefika. Babirye akapiga makofi. Nikajisifu moyoni. Nikadhani ni kule kusafisha kwangu virusi.

Alifurahi mno, akaniletea nusu ya rolex yake, chapati na yai ndani. Akanieleza kwamba nusu ile nyingine anampelekea Nakato jioni. Nakato ni pacha wake, yule msichana mkimya anayeuza kwenye duka letu Nateete. Ndiye aliyemwombea kazi huku. Sura moja kabisa. Mara ya kwanza Babirye alipoingia ofisini nilimgombeza kwa nini ameacha duka wazi.

Kumbe nilikula sehemu yake Babirye mwenyewe. Ya pacha haikuguswa.

Alhamisi, 9 Machi

Nilijisifu bure. Leo barua nne kati ya kumi zimepotea.

Na mambo yamekuwa mabaya. Mzee Kabuya amepiga simu kutoka Bunia, si kwa Babirye, kwa Hajati mwenyewe. Ni mteja mkubwa. Anataka pampu na mabomba ya kijiji kizima. Anasema ameandika mara nyingi na hatumjibu, je, tumekuwa matajiri?

Hajati aliiweka simu polepole. Mimi namwogopa zaidi akifanya mambo polepole. Alimwita Babirye, akafunga mlango, lakini mlango wa ofisi hii ni wa mbao nyembamba. Nilisikia yote, na sikujitahidi kutosikia.

Anadhani Babirye anafuta barua. Anadhani anazipeleka kwa yule kijana aliyekuwa na kazi hiyo kabla yake, aliyetuacha akaenda kufungua duka lake la pampu. Muda wa majaribio wa Babirye unakwisha Ijumaa ijayo, tarehe kumi na saba. Barua zisipopatikana, ataondoka siku hiyo.

Babirye alitoka macho makavu. Alikaa, akafungua kompyuta, akaanza kuisubiri kama mtu anayemsubiri mgonjwa azinduke. Niliumia. Kazi hii ndiyo inayomlea yeye na mama yao, Nakato peke yake hawezi.

Ijumaa, 10 Machi

Nimejiuliza swali baya nikaona bora niliandike: je, Babirye anafuta kweli?

Nilihamisha kiti changu nikakaa nyuma yake asubuhi nzima, kwa kisingizio kwamba jua linanichoma upande wa dirisha. Hakufuta kitu. Barua zake hazikufika hata za kufutwa.

Naona haya kwa kumchunguza. Lakini sasa najua. Si yeye.

Basi ni nani? Nimekunywa chai vikombe vinne nikiwaza. Bila sukari.

Jumamosi, 11 Machi

Nimeanza kuandika hali ya kila siku pembeni: mvua, jua, umeme, simu. Mume wangu kaniuliza kama nimeajiriwa na idara ya hali ya hewa. Nikamwambia barua zinafika siku nyingine na siku nyingine hazifiki, na kitu kinachofanya hivyo lazima kina mazoea yake, kama mwizi wa kuku. Mwizi wa kuku hashikwi kwa mbio. Anashikwa kwa kujua siku anayokuja.

Akasema nile kwanza.

Siku ya Wanawake zilifika zote. Siku hiyo ilikuwa na nini? Sikukuu. Ofisi za watu zimefungwa. Labda mtandao haukuwa na msongamano. Lakini msongamano unachelewesha, haumezi.

Jumatatu, 13 Machi

Jana baada ya kanisa nilipitia kafe ya intaneti nikamtumia Babirye barua tano. Leo nikaamka na majogoo, nikachukua bodaboda, nikafika ofisini kabla ya mtu yeyote. Askari wa mlangoni alidhani nimefukuzwa na mume.

Nikawasha jenereta, maana leo ni zamu yetu ya kukosa stima. Nikafungua kompyuta ya Babirye.

Zote tano zipo! Na za wateja juu yake. Nilipiga kelele peke yangu.

Kisha nikafanya jambo la pili. Nilizima kompyuta, nikatuma nyingine tano kutoka kwenye yangu, nikangoja Babirye afike saa mbili kama kawaida yake. Akafungua. Hakuna hata moja.

Basi kuna mtu. Yuko mtu anayefika sandukuni kati ya alfajiri na saa mbili, anachota, anaondoka. Barua hazipotei. Zinachukuliwa. Nikamtazama kila mtu ofisini, hata askari.

Kikulacho ki nguoni mwako, mama alizoea kusema. Nguo zetu ni nyingi, sijui nianze kukung'uta ipi.

Jumanne, 14 Machi

Nimempata!

Niandike kwa utaratibu, mkono unakimbia.

Asubuhi barua zilikuwa zinafika vizuri. Zote. Nilizituma, zikafika. Nikatuma tena, zikafika. Nikawa na hasira, maana sikuwa nimebadilisha kitu. Saa nne nikapiga simu duka la Nateete kuuliza kama wana mabomba ya inchi mbili. Nakato akasema, kwa ile sauti yake ya kuomba msamaha, hawezi kuangalia kwenye kompyuta. Nateete leo hakuna umeme, na duka halina jenereta.

Nikasema sawa. Nikaweka simu. Nikaishika tena bila kupiga.

Nateete hakuna umeme, barua zinafika. Siku ya Wanawake Nateete ilifungwa, barua zilifika. Na duka la Nateete hufunguliwa saa moja, sisi saa mbili.

Sikuaga. Nilichukua mkoba nikaenda Nateete. Nakato alikuwa mlangoni amekaa kwenye stuli. Niliangalia kompyuta yake nyeusi, imezimika kama jiwe, ikabidi ningoje. Nilingoja mpaka jioni, nikila karanga za duka la jirani na kumuuliza msichana maswali. Umeme ukarudi. Kompyuta ikawaka, na hapo, bila mtu kugusa kitu, programu ya barua ikajifungua yenyewe.

Anuani ya Babirye. Barua za Babirye. Mzee Kabuya, Mzee Kabuya, Mzee Kabuya. "Tatu" yangu ya wiki iliyopita ilikuwa pale pale, haijafunguliwa.

Nilimgeukia Nakato. Nilitaka kumla mbichi. Lakini alinitazama bila woga wala hatia, kama mtu aliyeulizwa kwa nini amevaa viatu, akaniita nnyabo, mama, kama kawaida yake.

"Nnyabo, hiyo Ssalongo aliniwekea. Barua ni ya Babirye, mimi nafungua hapana. Si vizuri."

"Kwa nini hukusema zinakuja kwako?"

"Mimi nilijua na yeye iko napata. Kitu kama iko yangu, iko yake. Kila siku iko hivyo."

Jumatano, 15 Machi

Ssalongo amerudi. Vumbi la Masaka mpaka kwenye nyusi, sauti imekauka kwa kuimba. Nilimkalisha kabla hajashusha mkoba wa nyaya.

Hakukana. Alijivuna! Siku aliyomfungulia Babirye anuani, Hajati alikataa kulipia ya Nakato, kwamba muuza duka anamwandikia nani? Ssalongo aliona hatari. Mapacha wawili, chini ya mwajiri mmoja, mmoja anapewa kitu na mwingine anaachwa? Basi alikwenda Nateete kimyakimya akamwekea Nakato anuani ile ile moja. Nakato akaona jina la pacha wake kwenye kioo, akafurahi, mambo yakaisha. Hakumwambia Hajati kwa sababu hakuongeza gharama.

"Mama Brian, mulongo moja unapa, ingine unaacha? Mimi nataka kuungua?"

Mulongo ni pacha. Watu wa hapa wanaamini pacha aliyenyimwa anaweza kukuunguza ngozi bila moto. Ningecheka. Sikucheka. Kwetu Bungoma, shangazi yangu alizaa mapacha, Mukhwana na Mulongo, na hakuna aliyethubutu kumnunulia mmoja soksi. Ningekuwa fundi, pengine ningefanya alilofanya yeye.

Ila hakujua tabia ya programu hizi za duka na ofisi. Inayofika kwanza sandukuni inachota barua na kuzifuta nyuma yake. Kompyuta mbili, sanduku moja. Anayewahi ndiye anayekula.

Dawa ni rahisi, nikamwambia. Itoe ya Nateete. Dakika moja.

Akafunga mkoba wake. Kumnyima pacha ni kubaya, akasema, lakini kumpa halafu kumpokonya, hapana. Nitafute fundi mwingine.

Alhamisi, 16 Machi

Nimepata mtu mkaidi kuliko Ssalongo. Babirye mwenyewe.

Nilimweleza yote. Kwanza alicheka hadi akashika tumbo, kwa kujua kwamba barua zimelala kwa pacha wake muda wote huu. Kisha nikamwambia leo jioni nakwenda Nateete kuifuta.

Kicheko kikakatika.

"Auntie, toa ya mimi. Ya Nakato wacha."

Nikamuuliza kama anaelewa kesho ni tarehe gani. Anaelewa. Nikamuuliza kama anajua Hajati atafanya nini. Anajua. Alisema Nakato hajawahi kupewa kitu na ofisi hii isipokuwa hicho, na aliyemwombea yeye kazi ni Nakato. Heri afukuzwe.

Jamani! Nilitaka kumzaba kofi. Siku kumi za majonzi, nimejitia buibui kichwani, nimeonekana mwenda wazimu mbele ya askari, halafu mwenye kazi anasema heri afukuzwe! Nilitoka nje nikasimama kando ya barabara nikitukana kwa Kibukusu, lugha ambayo hapa haielewi mtu.

Hasira ilipotulia nikabaki na swali. Huwa nabaki na swali. Kwa nini programu ifute barua nyuma yake? Nani aliiambia ifute?

Nikarudi. Nikafungua kila ukurasa wa mipangilio, mmoja baada ya mwingine, hata ile ambayo Ssalongo huniambia nisiguse. Nyuma kabisa, chini ya vitu nisivyovielewa, nikakuta kisanduku kidogo kitupu, na maneno kando yake: acha nakala ya barua kwenye seva, yaani kwenye lile sanduku la pamoja.

Nikaweka alama ya vema.

Nikapiga simu Nateete, nikamwongoza Nakato hatua kwa hatua mpaka akakiona kisanduku chake. Akaweka vema. Nikatuma barua moja. Ikafika kwa Babirye. Nikangoja, simu sikioni. Nakato akasema kwenye simu, taratibu, "Nnyabo, na hapa iko."

Nilikaa chini sakafuni. Babirye akakaa pembeni yangu.

Ijumaa, 17 Machi

Asubuhi nilikwenda kwa Hajati kabla hajamwita mtu. Nilimweleza kila kitu: Ssalongo, Nakato, kisanduku. Nilimwonyesha barua za Mzee Kabuya tulizozitoa Nateete tukazichapa. Alizisoma zote kwa miwani yake ya kamba. Nilitegemea atafoka juu ya Ssalongo. Hakufoka. Aliuliza kitu kimoja tu.

"Sasa nafanya kazi kweli, ama ni hadithi yenu?"

Nikasema inafanya kazi.

"Tutaona."

Babirye alimpigia simu Mzee Kabuya, akamwomba radhi kwa Kiswahili chake cha sokoni mpaka mzee akaanza kumfariji yeye. Pampu ameshanunua kwingine. Mabomba bado, atachukua kwetu. Tumepoteza zaidi ya nusu ya ile biashara. Hilo halina dawa.

Mchana ukapita. Hajati hakumwita Babirye. Saa kumi akaondoka na gari lake bila kumtazama mtu. Muda wa majaribio umekwisha, na hakuna neno, la ndiyo wala la hapana.

Jioni nilimwona Babirye akiosha kikombe chake. Alikifuta kwa kitambaa, akakitia kwenye mkoba. Kikombe kile hulala ofisini siku zote. Nikamwambia Jumatatu uje, hata kama ni kuaga. Akaitikia kwa kichwa.

Jumapili, 19 Machi

Kanisani sikusikia mahubiri. Nawaza kikombe.

Jumatatu, 20 Machi

Mvua. Nilifika mapema. Babirye alikuwa amefika kabla yangu, amesimama chini ya kibaraza na mkoba kifuani, hataki kuingia kabla mwenye mali hajafika. Nikamvuta mkono tukaingia.

Hajawasha kompyuta simu ya ofisi ikalia. Nilishika mimi. Ilikuwa Nateete, na sikusikia maneno, nilisikia vigelegele. Nakato yule mkimya. Nyuma yake kama soko zima linauliza kuna nini.

Nikampa Babirye simu.

Hajati alikuwa ameandika barua Jumamosi, kwa mkono wake, yeye asiyeandika barua pepe hata siku moja. Aliituma kwa anuani ya Babirye aone kama itafika. Kwamba amepita majaribio. Kwamba aendelee na kazi. Barua ilikaa sandukuni Jumapili nzima. Duka la Nateete limefunguliwa saa moja, na leo, kwa mara ya kwanza, Nakato amethubutu kufungua barua.

Babirye alisikiliza. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta. Kisha akanigeukia akasema kwamba siku waliyozaliwa yeye ndiye aliyetoka kwanza, na tangu hapo kila kitu Nakato alikipata baadaye. Leo Nakato ametangulia.

Akakata simu. Akawasha kompyuta yake, nayo barua ikaja, ile ile. Aliisoma polepole mpaka mwisho.

Hajati akaingia anakung'uta mwavuli. Akatutazama. "Imefika?" Nikasema imefika, kotekote. Akaenda ofisini kwake, akafunga mlango. Juu ya meza yangu ameacha pakiti ya sukari.

Babirye akatoa kikombe mkobani, akaenda kuchemsha chai. Nikamwambia na yangu.